Mstari wa Ishirini na Mbili

Katika idara ya takwimu kila mtu alikuwa na viwanda vyake. Aliyepewa vinywaji alirudi kila ziara na kreti ya soda, ambayo kwa mujibu wa sheria hakutakiwa kuipokea, na wenzake walimsaidia kuimaliza haraka ili ushahidi usikutwe. Aliyepewa nguo alipendeza mwaka mzima. Mwanamke mmoja kati yao alipewa vyuma: nondo, mabati, misumari, sufuria, waya za uzio. Alirudi ofisini na masizi puani na siku moja na msumari wa inchi mbili uliopenya soli ya kiatu. Wakambandika jina la Bi Vyuma. Jina likamganda, hata bahasha za ndani zikawa zinamfikia kwa jina hilo.

Kazi yenyewe ilikuwa kupeleka fomu viwandani kila baada ya miezi mitatu na kuzirudisha zikiwa zimejazwa. Kwenye ile fomu, mstari wa ishirini na mbili ndio ambao hakuna aliyeujali. Uliuliza faida iliyobakizwa, yaani ile faida ambayo wenye kiwanda hawakugawana bali wameiacha ndani ya kampuni ifanye kazi. Watu walikimbilia mauzo, walikimbilia idadi ya wafanyakazi. Bi Vyuma, kwa kuwa viwanda vyake vilikuwa vichache na muda alikuwa nao, aliutazama mstari ule robo baada ya robo kwa miaka sita, na mwisho ukaanza kumsemesha.

Aligundua kwamba kiwanda cha sabuni kinaweza kugawana faida yote na bado kikaishi. Kiwanda cha chuma hakiwezi. Rola zinalika, tanuri linataka kujengwa upya kwa matofali ya moto kila baada ya miaka michache, mashine ya kuvuta waya ikianza kutetemeka haisikii dawa isipokuwa kipuri kipya. Mwenye nia ya kubaki huacha faida ndani. Mwenye nia ya kuondoka huibeba. Viwanda vitatu vilivyokufa katika miaka ile sita vyote vilikuwa na mauzo mazuri hadi karibu na mwisho, lakini mstari wa ishirini na mbili ulikuwa umekwisha kukonda mwaka mzima kabla mlango haujafungwa.

Alimpelekea habari hiyo mkuu wa kitengo chao. Huyu alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kalamu nyekundu mfukoni, aliyeweza kuiacha chai yake ipoe akitafuta nukta iliyokaa mahali pabaya. Walimwita Desimali, alijua, na hakukasirika. Ndiye aliyemfundisha kazi Bi Vyuma tangu alipokuja akiwa hajui hata kupanga majalada. Alimkosoa bila kumvunjia heshima, alimtetea kwa wakubwa, na binti yake alipoolewa ni Bi Vyuma aliyeandika majina ya wazazi wa bibi harusi kwenye kadi zote, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri.

Desimali alizisoma karatasi zile, kisha akavua miwani.

"Hii ni dalili ya mapema," alisema. "Ukiijumlisha kwa viwanda vyote vya chuma, nchi inaweza kujua mwaka mmoja kabla kama sekta inakua au inajiandaa kufa. Umefanya kazi ya watu kumi."

Tangu siku hiyo wakawa wanaandaa taarifa pamoja. Bi Vyuma alikuwa akienda nyumbani anatembea kama amekanyaga sufi.

Sasa, kati ya viwanda vyake kilikuwemo kikubwa cha nondo na misumari, na humo alifanya kazi kaka yake. Baba yao alifariki Bi Vyuma akiwa darasa la sita. Kaka aliacha shule wiki hiyohiyo, akaenda kiwandani kubeba koili za waya begani, na ada zote za mdogo wake, hadi chuo, zilitoka kwenye koili hizo. Bega la kulia lilikuwa limeshuka kuliko la kushoto, na mkewe alimtania kwamba kila shati analolivaa linaonekana limeshonwa na fundi mlevi. Kwa ufundi wa mikono na kwa kusikiliza alipanda hadi akawa fundi mkuu wa mashine za misumari. Bi Vyuma alilitaja jambo hilo kwa Desimali mapema kabisa, asije akaambiwa ameficha.

"Si neno," Desimali alimjibu. "Kiapo si unakikumbuka?"

Alikikumbuka. Walikula kiapo mbele ya wakili siku ya kwanza kazini: habari za kiwanda kimoja kimoja zisitoke nje ya idara, jumla tu ndiyo itangazwe.

Mwaka wa saba, fomu ya kiwanda cha kaka yake ikarudi na mstari wa ishirini na mbili mtupu. Si kwamba hawakuuza. Waliuza kuliko miaka yote. Lakini faida ya mwaka ule, pamoja na akiba iliyokuwa imelimbikizwa kwa miaka kumi na moja, yote ilikuwa imegawiwa wenye hisa kwa mkupuo. Bi Vyuma alidhani karani wa kule amekosea. Akapiga simu. Karani akamsomea tarakimu zilezile, kwa sauti ya mtu anayetaka kukata simu.

Alikwenda kwa Desimali na fomu mkononi.

"Wanaondoka," alisema.

Desimali aliitazama fomu kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. "Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Vizuri. Iache hapa."

Akaifungia kwenye droo.

Wiki tatu baadaye, Jumapili alasiri, Bi Vyuma alikwenda kuwatembelea kaka na wifi yake. Aliwakuta kwenye kiwanja chao, ambako nyumba waliyokuwa wakiijenga kwa miaka mitano ilikuwa imefika kwenye linta. Hela za kuezekea zilikuwa tayari. Wifi yake alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akichambua mchele, na kaka alikuwa akikagua ukuta kwa kiganja, kama anayempapasa ng'ombe wa kununua.

"Mdogo wangu," alisema, "umekuja wakati mzuri. Kiwanda kinatuuzia hisa sisi wafanyakazi. Wenyewe wanasema wanapunguza sehemu yao ili tuwe wenye mali pamoja nao. Mwisho wa kulipa ni mwisho wa mwezi. Nina hela za bati, na chama chetu cha akiba kitanikopesha nyingine. Wewe ndiye unayezisoma karatasi zao. Nitie au nisitie?"

"Mwambie asitie," wifi alidakia. "Mimi nataka bati. Hisa haizuii mvua."

Walicheka wote watatu, na Bi Vyuma alicheka kwa kuchelewa.

"Kaka, unajua kazini kwangu tumeapishwa. Habari za kiwanda kimoja siruhusiwi kuzitamka."

"Sawa, afisa," kaka alisema akitabasamu.

"Ila usiharakishe. Subiri mwisho wa mwezi ufike."

"Nitasubiri hadi siku ya mwisho. Ukiwa na neno, nipe."

Asubuhi yake alikuwa mlangoni kwa Desimali kabla hajaingia. Alimweleza yote: hisa, kaka, hela za bati. Hakutaka kuvunja kiapo. Alitaka taarifa yao itoke sasa. Taarifa isingekitaja kiwanda chochote, lakini ingesema wazi kwamba faida iliyobakizwa katika sekta ya vyuma imeporomoka, na maana yake ni nini. Mtu mwenye akili angesoma na kujizuia.

Desimali alimkaribisha kiti, akamwagizia chai.

"Kiapo hakina kaka wala shemeji," alisema kwa upole. "Leo utamwambia kaka yako, kesho mimi nitamwambia wangu, na keshokutwa hakuna kiwanda kitakachotujazia fomu. Lakini nimekusikia. Taarifa itatoka kabla ya mwisho wa mwezi. Kaka yako ataisoma gazetini kama raia yeyote. Hapo hakuna atakayekulaumu."

Bi Vyuma alitoka mle ofisini akiwa mwepesi. Alimshukuru Mungu kumpa mkubwa wa namna ile. Wiki ile alifanya kazi kama punda, akihakiki jedwali baada ya jedwali, na siku tano kabla ya mwezi kwisha taarifa ilikuwa mezani kwa Desimali ikisubiri sahihi tu.

Siku zikapita. Kila alipochungulia, aliambiwa kesho. Siku ya mwisho, saa nne asubuhi, Desimali alimwita.

"Jedwali la nne lina nukta haijakaa sawa," alisema. "Tuirudie. Haiwezi kutoka leo."

"Nukta gani, mzee? Nimelipitia mara sita."

"Pitia mara ya saba."

Alilipitia. Hakuona kitu. Saa sita mchana simu yake ikaita, na nyuma ya sauti ya kaka yake alisikia mlio wa mashine za misumari, ule wa kugonga bila kupumzika.

"Mwezi umeisha, mdogo wangu. Nipo kwenye foleni ya kulipa. Una neno?"

Alisimama akaufunga mlango. Wenzake walikuwa wamekwenda kula. Hakukuwa na mtu wa kumsikia, ila yeye mwenyewe na kile kiapo. Alifikiri taarifa huenda ikatoka kesho, na kwamba huenda hisa zikaweza kurudishwa. Alifikiri pia juu ya kazi yake, na hilo hakulikiri mpaka baadaye sana.

"Sina la kusema, kaka."

"Basi vizuri," kaka alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Nashukuru."

Akakata simu, akalipa.

Taarifa haikutoka kesho yake, wala mwezi uliofuata. Kiwanda kilifungwa mwezi wa tano tangu siku ile. Walianza kwa kupunguza zamu, wakasema ni umeme. Kisha wakasema chuma chakavu kimepanda bei. Kisha asubuhi moja wafanyakazi wakakuta mnyororo getini na tangazo la ukurasa mmoja. Madeni ya benki yalikuwa makubwa kuliko mitambo. Waliokuwa na hisa walibaki na karatasi.

Bi Vyuma alikwenda kwa kaka yake jioni hiyo. Hakumkuta akilia wala kugomba. Alikuwa mezani, cheti cha hisa mbele yake, akikisoma kama mtu anayetafuta kasoro kwenye mashine.

"Nisaidie wewe msomi," alisema. "Hapa wameandika mnunuzi, ambaye ni mimi. Hapa wameandika muuzaji. Nilidhani muuzaji ni kiwanda, kumbe ni mtu. Ni nani huyu?"

Alisogeza cheti. Bi Vyuma aliyasoma majina matatu ya mwanamke. Alikuwa ameyaandika majina yaleyale kwa mkono wake mwenyewe, kwa wino wa dhahabu, kwenye kadi mia mbili na hamsini. Yalikuwa ya mke wa Desimali. Na tarehe aliyoziweka sokoni hisa zake, iliyopigwa muhuri pembeni, ilikuwa siku mbili baada ya ile fomu kufungiwa kwenye droo.

"Simjui vizuri," alisema. Huo ukawa uongo wa kwanza kumwambia kaka yake tangu utotoni.

Alikaa na uongo huo siku nne. Siku ya tano aliingia ofisini kwa Desimali bila kubisha hodi.

"Mke wako alikuwa na hisa kule kwenye misumari."

Desimali aliweka kalamu chini. Hakushtuka. "Alirithi kwa baba yake. Tangu zamani."

"Aliziweka sokoni siku mbili baada ya mimi kukuletea fomu."

"Mke wangu ni mfanyabiashara. Ana akili zake."

"Ulimwambia."

"Umewahi kuniona nikitoa karatasi nje ya ofisi hii?"

"Hapana. Hukuhitaji karatasi."

Desimali aliangalia dirishani. Aliposema tena, ilikuwa kwa sauti ileile aliyotumia kumfundisha miaka ile. "Wewe ulishika sheria. Ndivyo nilivyokulea. Sasa unalalamikia nini?"

"Uliniambia kiapo hakina kaka wala shemeji. Nikakuamini, nikamnyamazia aliyenisomesha. Na taarifa ukaikalia, kwa sababu ingetoka asingepatikana wa kununua. Nukta ya jedwali la nne haikuwa na kosa."

"Sikujua kwamba kaka yako ndiye atakayeangukiwa na hisa za mke wangu."

"Ulijua kuna kaka wa mtu."

Desimali alichukua kalamu nyekundu, akaivua kifuniko, akakirudisha. Bi Vyuma alitazama mikono ile iliyomrekebishia kazi mamia ya mara, na kilichomuuma zaidi ni kwamba bado alitamani Desimali aseme kitu cha kumtuliza.

Aliandika malalamiko kwa mkurugenzi. Mkurugenzi, mama mmoja asiyependa maneno mengi, aliunda kamati ya watu watatu, na kamati ikataka ushahidi: cheti chenyewe, si maelezo. Ikambidi arudi kwa kaka yake kukiomba, na asingeweza kukiomba bila kusema.

Alisema. Alimweleza mstari wa ishirini na mbili, fomu, droo, ahadi ya taarifa, majina kwenye kadi. Wifi yake alisimama mlangoni na taulo begani. Kaka alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Siku ile nilipokupigia nikiwa kwenye foleni. Ulijua?"

"Nilijua."

"Nikakuuliza kama una neno."

"Uliniuliza."

"Ukasema huna la kusema. Mimi nikaelewa hakuna baya. Kwani tangu lini ukaona shimo mbele yangu ukanyamaza?" Alisugua bega lililoshuka. "Huyo mkubwa wako simjui. Yeye hakuniahidi kitu. Lakini wewe ungekohoa tu. Ungekohoa tu, mdogo wangu, ningetoka kwenye ile foleni."

Bi Vyuma alianza kusema habari za sheria, akasikia jinsi zilivyokuwa zikisikika mle chumbani, akaacha. Kaka aliingia ndani, akatoka na cheti ndani ya bahasha, akampa kwa mikono miwili kama anavyompa mgeni.

Kamati ilikaa miezi miwili. Ilisema haikupata uthibitisho kwamba habari zilitoka ofisini, kwa kuwa mke na mume huzungumza mengi na hakuna aliyekuwa chumbani mwao. Hata hivyo Desimali alishauriwa astaafu mapema, kwa haki zake zote. Walimfanyia sherehe ndogo ya kumuaga, na yule wa vinywaji akaleta soda. Mauzo ya hisa yalibaki halali. Bi Vyuma alipewa barua ya onyo iliyowekwa kwenye jalada lake, kwa kosa la kupeleka nyumbani rasimu ya taarifa ambayo alikuwa ameitumia kuionyesha kamati ni lini taarifa ilikuwa tayari.

Taarifa yenyewe ilitoka baada ya hapo, na ikasifiwa. Magazeti yaliandika kwamba faida iliyobakizwa ndiyo kipimo kipya cha afya ya viwanda vya chuma, na dibaji ikamshukuru mkuu wa kitengo aliyestaafu kwa wazo lake. Waliposoma kifungu hicho kwenye kikao, wenzake waliinamisha macho. Yeye aliomba ruhusa akaenda kunawa uso.

Robo iliyofuata ilimbidi aende kiwanda cha misumari kuthibitisha kuwa kimefungwa, maana hata kiwanda kilichokufa kina fomu yake. Mnyororo ulikuwa umefunguliwa. Ndani, watu wa mnunuzi wa mitambo walikuwa wakifungua mashine ili zisafirishwe, na aliyekuwa akiwaonyesha nati ipi ianze alikuwa kaka yake. Walimwajiri kwa siku, kwa kuwa hakuna mwingine aliyezijua mashine zile.

"Karibu, afisa," alisema mbele ya wenzake, akijifuta grisi.

Fomu ilitaka mtu wa kujibu, na hapakuwa na mwingine. Akamuuliza swali moja moja, naye akajibu akiwa amesimama wima. Uzalishaji: hakuna. Wafanyakazi: hakuna. Mitambo inayofanya kazi: hakuna. Alipofika mwisho alikunja fomu.

"Wifi hajambo?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hajambo. Anasema umepotea."

"Naweza kuja?"

"Nyumba ni ya kaka yako, nani akuzuie?"

Alikwenda Jumapili hiyo. Wifi alimkumbatia, watoto wakamrukia, wakala pamoja. Kaka alizungumza vizuri tu: habari za shule ya watoto, jirani aliyegombana na mwenye nyumba, kifaa kipya cha kukatia vyuma alichokiona dukani. Ilikuwa karibu na kuagana ndipo wifi aliposema, kama jambo la kawaida, kwamba mumewe amekodi fremu ya duka barabarani afungue karakana yake ya mageti na madirisha, na kwamba ameshasaini mkataba wa miaka mitatu na kulipa miezi sita.

Bi Vyuma aliweka kikombe chini. Mkataba, kodi, bei za vyuma: tangu alipomaliza chuo hakuna karatasi ambayo kaka yake alikuwa ameitia sahihi kabla hajamuuliza.

"Masharti ya mkataba yapo sawa?" aliuliza. "Uliyapitia?"

"Nilimpa jirani anisomee," kaka alisema. Akasimama kumsindikiza hadi njia kuu, akamshikia mwavuli, akangoja naye mpaka gari likapatikana.